Shingo Imekaza Baada ya Upasuaji: Uliza Maswali Mawili Kabla ya Kuikanda

Kidonda kiko tumboni, au kwenye goti, au chini ya kwapa, lakini kinachomnyima mgonjwa usingizi ni shingo. Akimwambia anayemuuguza, jibu hapa Nairobi huwa lilelile: "Ulilala vibaya, hebu nikukande." Mafuta ya kuchua yanatoka kwenye droo, na vidole vinafika shingoni kabla ya mtu yeyote kuuliza swali.

Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo na misuli. Kukanda ndiko kunakoninunulia unga, kwa hivyo sina ugomvi na mikono. Ninachoomba ni isubiri kidogo. Shingo iliyokaza baada ya upasuaji mara nyingi husemea kitu kingine: maji ya uti wa mgongo yanayovuja, gesi iliyobaki tumboni, sindano ya kuzuia kutapika, rundo la mito. Tiba ya kimoja haimfai mwenye kingine, na pengine humdhuru. Maswali mawili hutenganisha karibu yote. Ilianza lini? Na ni nini huibadilisha: kulala, kukaa, kuvuta pumzi, kugeuka? Ukishayajibu, itafute hali yako hapa chini. Lakini pitia kwanza sehemu inayofuata, hata kama una haraka.

Shingo zisizotatuliwa nyumbani

Rudi hospitalini leo, si kesho, ukiona mojawapo ya haya:

- Shingo ngumu pamoja na homa, kichwa kuuma na mwanga kuumiza macho, au kidevu kukataa kabisa kushuka kifuani. Huenda ni homa ya uti wa mgongo.
- Umepasuliwa shingo au tezi ya koo, na shingo inavimba mbele ya macho yako, sauti imebadilika ghafla au pumzi inapita kwa shida. Damu inaweza kuwa inajaa ndani na kubana njia ya hewa. Hatari kubwa ni katika saa 24 za kwanza.
- Mkono au mguu umekosa nguvu, uso umelegea upande mmoja, au mkojo na choo havizuiliki.
- Maumivu ya shingo au taya yakiwa na kubanwa kifua na kijasho chembamba. Au pumzi kuwa fupi ghafla, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba.
- Taya limekaza na halifunguki vizuri siku kadhaa baada ya kidonda. Pepopunda bado ipo.

Nambari za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Hata hivyo, jioni barabara zetu zikishaziba, jirani mwenye gari anaweza kukuokoa kuliko ambulensi iliyokwama. Chukua namba yake kabla hujaihitaji.

Ilianza siku ileile au kesho yake, na huuma ukigeuka

Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Chini ya nusukaputi misuli hulegea kabisa. Kichwa huinamishwa nyuma ili mrija wa kupumulia upite kwenye koo la hewa, na katika upasuaji mwingine hugeuzwa upande mmoja kwa saa nzima au zaidi. Ungekuwa macho ungejisogeza baada ya dakika tano. Ulikuwa umelala, basi kano zilivutika bila mtu wa kulalamika.

Kuna na dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniamu, hutumika pale mrija unapohitaji kupitishwa upesi. Baadhi ya watu huamka wakiumwa shingo, mabega na mbavu utadhani walishinda wakipakua magunia katika soko la Wakulima. Huwapata zaidi wanaoinuka na kutembea mapema, na huisha kwa siku mbili tatu.

Parasetamoli, joto kidogo na kugeuza kichwa polepole vinatosha. Kipimo changu hapa ni kimoja: kila siku iwe afadhali kuliko jana. Siku 10 zikipita na hakuna kilichosogea, chanzo si meza ya upasuaji.

Ukikaa kichwa na shingo vinauma, ukilala vinatulia

Hii ndiyo inayokosewa zaidi, hasa kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Siku ya pili mama anajisikia vizuri, anakaa kitandani amnyonyeshe mtoto, na ndani ya dakika chache kichwa kinampasuka mbele na kisogoni. Shingo inakuwa ngumu hadi mabegani, masikio yanavuma, chakula kinataka kurudi. Akilala chali, kabla chai haijapoa maumivu yametulia. Anaambiwa ni uchovu. Anaambiwa ni mawazo. Shosho anasema hajala vizuri.

Mara nyingi ni sindano ya mgongo, ile ya ganzi. Sindano hiyo hupenya utando unaoshikilia maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na maji yenyewe ni machache, kama mililita 150 kwa mtu mzima. Tundu lisipoziba upesi, maji huvuja. Ukikaa wima, ubongo hushuka kidogo na kuvuta tando zinazouzunguka. Ukilala, mvuto huo unakoma. Misuli ya shingo hukaza kwa sababu ya purukushani iliyo ndani zaidi yake, ndiyo maana hata ukiichua hadi ngozi iwe nyekundu haitalegea. Mmoja wa watu wa kwanza kuieleza hali hii aliiugua mwenyewe: August Bier, daktari Mjerumani aliyeanzisha ganzi ya mgongo mjini Kiel mwaka 1898, alijitolea adungwe, kisha akalala kitandani siku kadhaa kwa sababu kila alipoinuka kichwa kilimrudia. Sindano za leo ni nyembamba na ncha zake zimetengenezwa zisikate utando, kwa hivyo tatizo limepungua sana. Halijaisha.

Kwa wengi huanza ndani ya siku 3, na karibu kwa wote ndani ya siku 5. Huelekea kuisha lenyewe kwa wiki moja au mbili. Wakati huo, lala bapa unapoumwa. Mnyonyeshe mtoto ukiwa umelala ubavu. Kunywa maji ya kutosha, lakini hakuna haja ya kujijaza. Kahawa huwasaidia wengine kidogo. Mama anayenyonyesha abaki kwenye kikombe kimoja au viwili, la sivyo mtoto atakesha. Epuka kujikamua msalani, maana kujikamua huongeza uvujaji: papai, sukuma wiki na maji vitakusaidia hapo.

Na zaidi ya hayo, rudisha habari kwa waliokudunga. Sema hivi tu: "Nilidungwa mgongo, kichwa kinauma nikikaa na kinatulia nikilala." Sentensi hiyo humwambia daktari wa ganzi zaidi kuliko "sista, naumwa na kichwa." Kama huwezi kukaa muda wa kutosha kumhudumia mtoto, kuna tiba: huchukuliwa damu yako mkononi, kama mililita 20, ikadungwa mgongoni karibu na tundu, ikaganda na kuliziba. Wengi hupata nafuu siku hiyohiyo.

Lakini si kila kichwa cha mzazi ni cha sindano. Pima presha. Shinikizo la damu linalotokana na ujauzito linaweza kujitokeza hadi wiki 6 baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye presha yake ilikuwa nzuri kliniki zote. Ikisoma 140/90 au zaidi, aonwe siku hiyo. Ikifika 160/110, au akiona vimulimuli, au akiumwa chini ya mbavu za kulia, hiyo ni dharura. Kemisti nyingi mtaani zina mashine ya presha, huna haja ya kungoja tarehe ya kliniki. Vilevile, maumivu yakiacha kujali kama umelala au umekaa, au ukiona vitu viwiliviwili, ukachanganyikiwa au kupata degedege, huko si kuvuja tena. Huenda damu imeganda au inavuja kichwani, na inatakiwa picha, si kahawa.

Shingo inajipinda yenyewe

Hapa mgonjwa hageuzi shingo, shingo inamgeuza. Kichwa kinavutwa kando au nyuma, macho yanapanda juu, taya au ulimi unakaza, na akili iko timamu: anasikia kila neno. Familia huingiwa na hofu, na si mara moja maombi yameanza hapohapo kitandani. Sali, lakini huku ukiuliza kama amepewa metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Ni dawa ya kichefuchefu inayotolewa sana baada ya nusukaputi, na kwa baadhi ya watu, hasa vijana na wanawake, huvuruga mawasiliano ya ubongo na misuli. Huanza saa chache hadi siku mbili baada ya dozi.

Usijaribu kukirudisha kichwa kwa nguvu. Asimeze kidonge kingine cha dawa hiyo. Mpeleke hospitalini akadungwe dawa ya kuifuta. Kwa kawaida shingo hunyooka ndani ya dakika chache, na wale waliokuwa wakilia wanaanza kucheka. Kisha jina la dawa liandikwe kwenye faili lake na kwenye simu yako, maana akipewa tena huenda yakajirudia.

Ncha ya bega na ubavu wa shingo, ukivuta pumzi

Kama ulipasuliwa kwa matundu madogo, tuseme mfuko wa nyongo au uvimbe wa kizazi, tumbo lilijazwa hewa ya kaboni dioksidi ili madaktari waone. Inayobaki hukera kiwambo cha kupumulia, na neva inayokihudumia hutokea shingoni. Ubongo husikia maumivu huko. Utaijua kwa kuwa ukibonyeza shingo hakuna kinachouma, na ukigeuka hakuna kinachobadilika. Ukivuta pumzi ndefu ndipo huchoma. Tembea ndani ya nyumba, badilisha ubavu, ngoja siku mbili tatu. Ukiwa na pumzi fupi, rudi kwenye orodha ya juu.

Ulitoka hospitalini ukiwa sawa, shingo ikaanza nyumbani

Sasa tumefika kwenye uwanja wangu. Shingo iliyokuwa nzima wodini ikaharibika sebuleni inakuambia uchunguze sebule.

Kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5. Kikikaa sawa juu ya mabega, mifupa 7 ya shingo hukibeba bila taabu. Kikisogea mbele, kazi hiyo huangukia misuli ya nyuma, kutwa nzima. Mtu aliyepasuliwa tumbo hutembea amejikunja akilinda kidonda, kidevu mbele, na siku za kwanza hilo ni sawa. Ikifika wiki ya pili limeshakuwa mwendo wake. Simama ukiuegemea ukuta, mgongo na kisogo viuguse. Kisogo kisipofika, weka taulo iliyokunjwa nyuma yake. Vuta pumzi tano taratibu, uondoke. Rudia kila unapopita hapo. Kusimama wima hakufumui mshono wa kawaida wa tumbo, isipokuwa daktari wako alikuambia waziwazi ubaki umeinama.

Kisha tazama televisheni ilipo. Kwenye bedsita zetu hutundikwa juu, karibu na dari, ili isile nafasi, na kitanda kiko mbele yake. Mgonjwa anaweka mito mitatu na matakia ya kochi, kidevu kinagusa kifua, anaanza na taarifa ya habari, inafuata tamthilia, inafuata mpira wa Uingereza. Ukitaka kutazama ukiwa kitandani, inua mgongo mzima kuanzia kiunoni, kichwa kiwe mwisho wa mteremko, si kona yake. Simu nayo iinuliwe hadi usawa wa macho, kiwiko kikiwa juu ya mto. Usiku, mto mmoja unatosha. Ukilala ubavu, uwe mnene kiasi cha kujaza nafasi kati ya sikio na bega. Ukilala chali, uwe mwembamba, na taulo ndogo iliyoviringishwa ndani ya foronya ijaze upindo wa shingo. Walioambiwa walale wameinuka kwa sababu ya moyo au kiungulia waongeze chini ya mgongo pia.

Wageni ni chanzo ambacho hakuna anayekitaja, kwa heshima. Wa chama wanakuja, wa kanisa wanakuja, na wazee wanatoka nyumbani kwa basi la usiku. Mgonjwa anakalishwa kwenye kochi lililozama, anatabasamu mchana kutwa, shingo imegeukia upande wa yule mwenye maneno mengi. Mweke kwenye kiti kigumu chenye mgongo, kielekee wageni moja kwa moja. Na awepo mtu wa nyumbani mwenye kibali cha kusema, "Mama atapumzika kidogo, nyinyi endeleeni na chai." Hakuna atakayekasirika. Chai ipo.

Namna ya kutoka kitandani ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wengi huinua kichwa kwanza, kwa hivyo misuli ya mbele ya shingo ndiyo inayovuta mwili mzima, tumbo likiwa halina msaada wa kutoa. Wengine humwambia mume ainame, wanamkumbatia shingoni na kujivuta. Hapo shingo mbili huumia. Badala yake kunja magoti, geuka ubavu mwili wote kwa pamoja, telemsha miguu, halafu jisukume kwa kiwiko na kiganja. Kichwa kiinuke mwisho.

Kwa anayenyonyesha: mtoto apandishwe hadi kwenye titi, titi lisishushwe kwa mtoto. Mto chini ya kiwiko, miguu juu ya kigoda. Akishashika, inua uso utazame mlangoni. Najua ni mzuri, lakini hatabadilika kwa dakika ishirini.

Maji nayo. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na mitaa mingi ya Nairobi bomba huja kwa siku zake. Anayeishi peke yake ghorofa ya nne atajaribu kubeba kwa sababu hakuna mwingine. Baada ya upasuaji wa tumbo, usiinue kitu kizito kuliko mtoto mchanga hadi daktari aseme. Panga na mwenye mkokoteni au kijana wa ploti kabla hujalazwa, na nguo zifuliwe na mtu mwingine. Kuinamia beseni huumiza shingo kama mtungi wenyewe.

Juni hadi Agosti ongeza baridi. Mabega hupanda yakakaribia masikio bila wewe kujua na hushinda huko. Skafu ya sufi na soksi ni sehemu ya matibabu.

Kama mkono umening'inizwa kwa kitambaa, baada ya bega, titi au mtulinga kupasuliwa, uzito wote uko kwenye ukanda uliokaa shingoni. Weka sponji au leso iliyokunjwa chini ya ukanda, uufupishe hadi kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko, na kila ukikaa, pumzisha kiwiko juu ya mto ili shingo ipate likizo.

Na ile safari ya kwenda kukaguliwa kidonda. Kutoka Githurai hadi Hospitali ya Kenyatta unabadilisha gari mjini, na matuta hayamjui mgonjwa. Epuka kiti cha nyuma kabisa, ndicho kinachorusha zaidi. Viringisha leso shingoni, egemeza kichwa, nenda baada ya msongamano wa asubuhi ikiwa kliniki inaruhusu. Bodaboda, hapana.

Kidonda kiko shingoni kwenyewe

Kwa upasuaji wa goita, mto huwekwa chini ya mabega na kichwa hulazwa nyuma sana ili tezi itokeze. Kwa hiyo unaamka na mambo mawili: mshono mbele, misuli iliyovutika nyuma. Hofu ya mshono humfanya mtu ageuke mwili mzima kama roboti, na hapo ndipo ugumu unapokomaa. Madaktari wengi huruhusu kugeuza kichwa taratibu tangu siku za mwanzo. Kinachokatazwa kwa wiki mbili hivi ni kutazama juu kwa nguvu, kama kuanika nguo kwenye kamba ya juu. Uliza wako anasemaje. Ukihisi midomo au ncha za vidole zikiwashwa na kufa ganzi, au misuli ikikakamaa, kalsiamu imeshuka. Hilo hutokea zaidi siku tatu za kwanza na ni la kupiga simu hospitalini mara moja.

Waliopasuliwa mifupa ya shingo wasifanye zoezi lolote la hapa chini bila ruhusa. Maumivu kati ya mabega na ugumu wa kumeza ni kawaida kwao kwa wiki kadhaa. Kola ivaliwe kwa muda ulioandikwa, usiongeze "kwa usalama": misuli isiyotumika hudhoofika, na siku ya kuivua shingo itakuwa haijui kazi yake. Waliotolewa matezi ya shingo kwa sababu ya saratani wakiona bega limeshuka na mkono haupandi juu ya kichwa, neva ya bega imeguswa. Hao wanahitaji fizio mapema, si mwaka ujao.

Umeambiwa ulale kifudifudi

Baada ya retina kurekebishwa na jicho kujazwa gesi, baadhi ya wagonjwa huambiwa watazame chini kwa siku kadhaa ili kiputo kibonyeze mahali panapotakiwa. Shingo huteseka kweli. Kaa mezani, paji la uso juu ya mikono iliyokunjwa au taulo iliyoviringishwa duara, kifua kiegemee mto. Kinachotakiwa kutazama chini ni uso, si shingo ining'inie hewani. Uliza mapumziko yanaruhusiwa dakika ngapi kwa kila saa, kisha uyatumie yote kuzungusha mabega. Jambo moja la pembeni: gesi hutanuka ukipanda mwinuko, kwa hivyo ndege ni marufuku. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hata gari la Limuru au Nyahururu, ambako ni juu zaidi, usipande kabla ya kumuuliza daktari wa macho.

Joto, vidonge, mikono

Kwa shingo iliyokazwa na meza ya upasuaji au na maisha ya nyumbani, joto ndilo rafiki. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso, dakika 15 hadi 20, shingo nyuma na juu ya mabega. Usiiweke karibu na kovu jipya: ngozi hapo mara nyingi imekufa ganzi, na utaungua bila kusikia. Penye uvimbe wa siku mbili za kwanza, pakiti ya minji kutoka kwenye friza, ndani ya taulo, inafaa zaidi. Dawa za kuchua zenye mentoli zikae mbali na kidonda, na mikono ioshwe kabla ya kumshika mtoto.

Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, na kumbuka dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa kemisti kama peremende, lakini usizichanganye, na usimeze yoyote kabla ya kumuuliza aliyekupasua ikiwa una vidonda vya tumbo, figo dhaifu, presha au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mama anayenyonyesha asinunue kodeini au tramadoli kwa mapendekezo ya jirani.

Mazoezi yenyewe ni ya kuchosha kwa urahisi wake. Zungusha mabega kurudi nyuma. Rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha uso, shikilia kidogo, achia. Tazama juu ya bega la kulia, kisha la kushoto. Sikio lielekee bega, bega lisipande kulikuta. Mara tano kila moja, mara tatu au nne kwa siku, baada ya joto. Kuvutika kunaruhusiwa; kuchoma, kizunguzungu au umeme wa kushuka mkononi ni amri ya kusimama.

Kuhusu kinyozi: wengi wao humaliza kunyoa kwa kukanda kichwa, na wengine hufunga kazi kwa kuizungusha shingo hadi ilie. Mzunguko huo wa ghafla unaweza kuchana ndani ya mshipa mkubwa wa damu shingoni na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini uliyetoka kupasuliwa juzi, au unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, huna sababu ya kuijaribu bahati. Mwambie kabla hujafungwa kitambaa: nywele tu.

Ikikataa kuisha

Shingo iliyobaki palepale baada ya wiki 6, au inayoteremsha ganzi mkononi, ipelekwe kwa fizio aliyesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Muombe leseni, si utovu wa adabu. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, majina ya dawa unazotumia, na majibu ya yale maswali mawili yakiwa yameandikwa. Mwambie pia kama ulipewa nusukaputi au sindano ya mgongo, ulilazwa chali au kifudifudi, na upasuaji ulichukua muda gani. Kama hujui, omba nakala kwenye ofisi ya rekodi ya hospitali siku ya kliniki, na ufike mapema, maana foleni ya hapo huwa ndefu kuliko ya daktari.